Maji ya Cooper hayapotei: hesabu za wanaotaka kuigeuza mito ya Australia

Machi 2025 magharibi mwa Queensland kulifurika hadi sehemu kadhaa zikapita alama ya gharika ya 1974, ambayo kwa miaka hamsini ndiyo iliyokuwa kipimo cha kila kitu kule. Mifugo zaidi ya 100,000 ilikufa au kupotea. Kisha maji yakatulia, yakawa na rangi ya chai ya maziwa, yakaanza safari ya wiki nyingi kwa mito kama Cooper kuelekea Ziwa Eyre, sehemu ya chini kabisa ya bara lile, mita 15 hivi chini ya usawa wa bahari. Mwaka huo huo wakulima wa Australia Kusini na Victoria walikuwa wakihangaika na ukame. Mambo mawili kama hayo yakigongana, hoja moja ya zamani haikosi kurudi: maji yote haya yanakwenda kukaukia kwenye chumvi, mengine yanamwagika baharini, na watu wana kiu. Kwa nini mito isigeuzwe?

Anayeuliza hivyo hajakurupuka. Australia ina eneo la kilomita za mraba milioni 7.7, na wastani wa mvua kwa bara zima ni milimita 465 hivi kwa mwaka. Asilimia 70 ni jangwa au nusu jangwa. Mvua nyingi huangukia pembeni: mji wa Tully, pwani ya Queensland, hupata takriban milimita 4,000 kwa mwaka, na mwaka 1950 ulipata karibu 7,900. Ukienda kilomita 900 hivi kusini-magharibi hadi Windorah, unakuta milimita 300 kwa shida. Katikati ya miji hiyo miwili umelala mgongo wa Great Dividing Range, safu ya milima inayofuata pwani ya mashariki kwa kilomita kama 3,500. Upande wa bahari mito ni mifupi na ina maji tele. Upande wa bara mito ni mirefu, mivivu, na aghalabu mikavu. Mtu akiitazama ramani hiyo, mkono unamwasha kuchora handaki.

Aliyelichora kwa uzito kuliko wote ni John Bradfield, mhandisi wa daraja la bandari ya Sydney. Mwaka 1938 alipendekeza maji ya mito ya Tully, Herbert na Burdekin yazuiwe kwa mabwawa, yapenyezwe chini ya milima, kisha yateremke kwa Mto Thomson na Cooper hadi katikati ya bara. Aliamini pia kwamba bara likishapata maji, mvuke wake utaleta mvua. Mpango haukujengwa, ila haujafa. Wanasiasa wa Queensland huufufua karibu kila baada ya ukame mkubwa.

Na wanayo mifano ya kuonyesha. Katika milima ya Snowy, kati ya 1949 na 1974, Australia ilijenga mabwawa makubwa 16 na mahandaki ya kilomita 145, ikayapeleka maji ya Mto Snowy upande wa pili wa milima, kwenye mito ya Murray na Murrumbidgee. Skimu hiyo bado inazalisha umeme na kumwagilia mashamba. Kabla ya hapo, mwaka 1903, Australia Magharibi ilifungua bomba la zaidi ya kilomita 500 kutoka bwawa la Mundaring, karibu na Perth, hadi machimbo ya dhahabu ya Kalgoorlie, likisukumwa na vituo 8 vya pampu za mvuke. Wakati ule nao wengi walisema haiwezekani.

Bomba la Kalgoorlie hutajwa mara nyingi kama ushahidi, na ni mara chache mtu akalipigia hesabu. Liliundwa kupitisha mita za ujazo 22,700 hivi kwa siku. Kwa mwaka ni kama milioni 8.3. Hekta moja ya pamba katika joto lile hunywa mita za ujazo 6,000 hadi 8,000 kwa msimu, tuchukue 7,000. Bomba zima, na pampu zake nane, na makaa yake yote, lingemwagilia hekta kama 1,200, yaani shamba moja la pamba, tena si la kutisha kwa ukubwa. Mchimba dhahabu aliweza kulipia maji hayo kwa sababu alihitaji kidogo na alichokitoa ardhini kilikuwa na bei. Mkulima wa pamba anahitaji maji mara elfu ya hayo, na pamba ni pamba.

Hesabu ya nguvu nayo haina huruma. Kuipandisha mita moja ya ujazo ya maji kwa mita 100 kunataka, kwa nadharia tupu, kilowati-saa 0.27. Weka upotevu wa pampu na msuguano wa bomba, utafika 0.35. Kwa hekta ile ya mita za ujazo 7,000 ni karibu kilowati-saa 2,450 kwa kila mita 100 za mwinuko, kila msimu. Wapo wanaojibu kwamba mpango wa Bradfield unategemea mteremko, si pampu. Ni kweli kwa kiasi, lakini mteremko nao hununuliwa: ili maji ya Burdekin yafike kimo cha kuvuka mgongo wenyewe, unahitaji ukuta mrefu mno wa bwawa penye korongo la Hells Gates. Ukiufupisha ukuta unarudi kwenye pampu.

Halafu maji yenyewe. Bradfield alikadiria mtiririko kwa kanuni iliyotungwa kwa mito ya Ujerumani, ambako mvua ni ya kiasi na hunyesha mwaka mzima. Mwaka 1947 makadirio yake yalipolinganishwa na vipimo vya mito yenyewe, yalionekana kuwa zaidi ya mara mbili ya maji yaliyopo. Taasisi ya taifa ya utafiti, CSIRO, iliupitia mpango huo upya miaka ya karibuni ikafikia jibu lile lile ambalo wahandisi wamekuwa wakilitoa tangu zamani: kujenga kunawezekana, kulipa hakulipi.

Lakini kuna kasoro kubwa kuliko gharama, na msomaji wa Afrika Mashariki ataiona upesi kuliko Mwaustralia wa mjini. Sisi tukisikia El Niño tunajiandaa kwa vuli ya mafuriko. Kule El Niño ni ukame. Bahari ya Hindi ikipata joto upande wetu na kupoa upande wa Indonesia, kama ilivyokuwa mwishoni mwa 2019, huku mito inavunja kingo na kule mashamba yanageuka vumbi: wastani wa mvua ya Australia mwaka huo ulishuka hadi milimita 277, mdogo kuliko mwaka wowote uliowahi kupimwa. Bahari hizo mbili, Pasifiki ya El Niño na hii ya Hindi, ndizo zinazoamua. El Niño inapoukausha ukanda wa bara, mara nyingi huukausha na Burdekin, ambao mtiririko wake huruka kutoka gharika hadi karibu mchirizi kwa kutegemea vimbunga vya msimu. Tully una maji ya uhakika, ila bonde lake zima ni kama kilomita za mraba 1,700 tu. Kwa hiyo mwaka ambao handaki lingehitajika zaidi ndio mwaka ambao huenda lingekuwa na maji machache zaidi. Na mwaka wa La Niña, kinyume cha El Niño, ambapo Burdekin umefurika, Cooper nao umefurika, hautaki msaada wa mtu.

Kuhusu mvua ya mvuke, wasomaji walioko Muscat au Dubai hawahitaji maelezo. Wanaishi kando ya bahari yenye joto, hewa ya Agosti imejaa unyevu hadi nguo zinaganda mwilini, na mawingu hayaji. Unyevu peke yake hauleti mvua. Lazima hewa ipandishwe juu ipoe. Katikati ya Australia, karibu na nyuzi 30 kusini, hewa ya juu kwa sehemu kubwa ya mwaka inashuka, na nchi ni bapa: wastani wa kimo cha bara zima ni mita 330 hivi, na kilele chake cha juu kabisa, Kosciuszko, kina mita 2,228, pungufu ya nusu ya Kilimanjaro. Hakuna kinachoinyanyua hewa hiyo. Kulijaza Ziwa Eyre nako kuna bei. Likijaa lina kilomita za mraba 9,500, na jua la pale hulinyonya kwa kama mita 2 kwa mwaka. Hizo ni kilomita za ujazo 19 kila mwaka ili libaki lilivyo, wakati Mto Murray, kabla ya kuwekewa mabwawa, ulimwaga baharini kama 12 au 13.

Hapo ndipo wengi humaliza: mpango ni ghali, basi. Mimi nadhani wanamaliza mapema, kwa sababu wanakubali bila kujua nusu ya kwanza ya hoja, kwamba maji yanayoteremka kwa Cooper ni maji yanayopotea.

Tuufuate mto wenyewe. Thomson na Barcoo zinakutana juu ya Windorah na kuzaa kitu ambacho Waingereza walikiita kijito, Cooper Creek. Ni mahali pa ajabu ambapo mito miwili inazaa kijito. Chini ya hapo bonde linatanuka hadi kilomita 60 na zaidi, na mteremko wake ni sentimita 20 hivi kwa kilomita. Maji hayana haraka. Yanajigawa kwenye maelfu ya mifereji midogo inayosukana kama ukili, na ndiyo maana eneo hilo huitwa Nchi ya Mifereji. Udongo ni mfinyanzi wa kijivu, ndugu wa udongo wetu wa mbuga: kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono, maji yakija unayanywa hadi nyufa zinaziba, kisha unanata. Vipimo kati ya Currareva na Nappa Merrie, njia ya kilomita 400 na kitu, vinaonyesha kwamba zaidi ya robo tatu ya maji yanayoingia juu hayatokei chini. Kitabu cha mhandisi kinayaandika hayo kama upotevu.

Mfugaji wa pale anayaita malisho. Anaipanga gharika kwa madaraja: ipo inayoishia kwenye mifereji tu, ambayo haimsaidii sana, ipo ya kufaa, inayotoka nje na kulowesha sehemu ya uwanda, na ipo njema, inayofunika uwanda mzima. Anaangalia mambo matatu. La kwanza ni muda: maji yakipita kwa siku mbili yanaosha vumbi tu, yanatakiwa yakae hadi nyufa zishibe. La pili ni msimu: gharika ya msimu wa joto huotesha nyasi, ya wakati wa baridi huotesha majani laini ya jamii ya kunde, ambayo hunenepesha kuliko nyasi. La tatu ni kama gharika ya pili itafuata kabla udongo haujakauka. Akipata hayo, ng'ombe ananenepa bila pampu, bila mbolea, bila mfereji uliochimbwa na mtu. Uwanda wa mamilioni ya hekta umemwagiliwa kwa mvua iliyonyesha mamia ya kilomita juu yake. Hiyo ni skimu ya umwagiliaji kubwa kuliko chochote ambacho Bradfield alikichora, na gharama yake ya ujenzi ni sifuri.

Ndiyo maana mwaka 1995, ulipotolewa mpango wa kulima pamba ya kumwagilia Currareva, karibu na Windorah, waliosimama mbele kuupinga walikuwa wafugaji. Watetezi wa ndege na wanasayansi walijiunga nao. Si kawaida kuwakuta kwenye meza moja. Hoja ya wafugaji ilikuwa ya kibiashara kabisa. Pampu za shamba la pamba huwashwa mto unapofika kimo fulani, na kimo hicho hufikiwa na gharika ndogo na za kati. Gharika kubwa huwezi kuimaliza, ila ile ya kufaa, ambayo ilikuwa itoke nje kidogo tu ya kingo, ukiinyonya inabaki ndani ya mifereji. Daraja la pili linakuwa la kwanza. Mfugaji aliye chini anapoteza malisho ya mwaka bila mtu yeyote kuonekana ameuzuia mto. Mpango ulikataliwa, na mwaka 2000 serikali ya shirikisho, Queensland na Australia Kusini zikatia saini makubaliano ya Bonde la Ziwa Eyre. Eneo la Kaskazini (Northern Territory) likajiunga 2004. Bonde lenyewe ni kilomita za mraba milioni 1.2, kama moja ya sita ya bara, na mito yake mpaka leo ni kati ya mito michache mikubwa ya nchi kavu duniani ambayo haijafungwa.

Hofu yao haikuwa ya kubuni. Jirani yao ni Mto Darling. Huo nao ni mto wa kupwa na kujaa, na hata kabla ya pamba ulikuwa na tabia ya kusimama: penye mji wa Menindee ulikatika mara 48 kati ya 1885 na 1960. Zikaja pampu na malambo ya kuhifadhi maji kando ya mto. Malambo hayo ni mapana na mafupi, kimo cha mita 4 au 5, na jua likiondoa mita 2 kwa mwaka, hadi asilimia 40 ya maji yaliyovutwa mtoni hayafiki kwenye pamba hata kidogo. Hao ndio wanaolalamika kwamba Cooper unapoteza maji. Mwaka 1991 mwani wa sumu ulifunika karibu kilomita 1,000 za Darling. Mwishoni mwa 2018 na mwanzoni mwa 2019 samaki walikufa kwa mamia ya maelfu Menindee. Machi 2023 walikufa kwa mamilioni. Chini zaidi, mdomo wa Murray, mto ambao Darling unaingia, ulizibwa na mchanga 1981, na tangu 2002 ukalazimika kuchimbwa kwa mashine kwa miaka. Mpango wa bonde la Murray na Darling wa 2012 uliweka lengo la kurudisha mtoni kilomita za ujazo 2.75 kwa mwaka, na lengo la kupeleka tani milioni 2 za chumvi baharini kila mwaka. Hili la chumvi husahaulika. Ardhi ya Australia ni kongwe na imejaa chumvi. Maji yanayomwagika baharini ndiyo yanayoibeba. Ukiyazuia yote, chumvi inabaki nyumbani.

Wanaopenda mito iachwe wana upofu wao pia. Ng'ombe wa uwandani hulisha watu wachache na huajiri wachache zaidi. Kampuni kubwa yenye mashamba matano katika mikoa tofauti inaweza kungoja gharika kwa miaka minne, ikihamisha mifugo. Familia yenye shamba moja haiwezi, na kuiambia kwamba mto una mdundo wake wa asili ni kuikejeli. Gharika njema nayo inaua, kama ya 2025 ilivyoua. Ukisema "mto ujiendee" ukiwa Melbourne, husikii harufu ya mizoga.

Lakini hata hapo, maji yaliyokuwa yakipotea kweli yalikuwa mahali pengine. Chini ya zaidi ya moja ya tano ya bara lipo tabaka la maji la Great Artesian Basin, ambalo kisima chake cha kwanza cha kububujika kilichimbwa 1878. Kwa zaidi ya miaka mia moja visima vingi viliachwa wazi usiku na mchana, maji ya moto yakitiririka kwenye mitaro ya udongo ya makumi ya kilomita ili ng'ombe wanywe njiani. Zaidi ya asilimia 90 yalivukia au kuzama. Tangu 1999 serikali na wafugaji walichangia gharama, wakaweka vali visimani na mabomba ya plastiki hadi kwenye mabirika. Presha ya chini ya ardhi ilianza kurudi katika maeneo kadhaa. Kazi hiyo haina handaki wala sherehe ya kukata utepe, na sijasikia mwanasiasa akiitaja kwenye kampeni.

Upande wa mabwawa makubwa, mfano wa kaskazini wa kujifunzia ni Mto Ord. Ziwa Argyle, lililojaa baada ya bwawa kukamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970, lina zaidi ya kilomita za ujazo 10. Pamba ya kwanza iliyolimwa pale iliachwa 1974, kwa sababu viwavi walizoea dawa na gharama ya kunyunyiza ikala faida. Leo bonde linalima vitu kadhaa, msandali ukiwemo, na si sahihi kuliita jangwa la fedha. Lakini waliojenga waliahidi maji yakishakuwepo mengine yatajileta yenyewe. Hayakujileta.

Mjadala wenye maana kwa Cooper, kwa maoni yangu, uko chini kabisa ya kimo cha mahandaki. Gharika ikipita, mto unabaki mfululizo wa madimbwi, na samaki, kasa na mwari wote wanaishi kwa madimbwi hayo hadi gharika ijayo. Jua linakunywa mita 2 kwa mwaka. Dimbwi la mita 4 lina miaka miwili ya uhai bila mtiririko. Mji mdogo au shamba likivuta nusu mita humo, limeondoa miezi mitatu. Likivuta mita moja, miezi sita. Kiangazi cha Cooper kikirefuka kupita miaka miwili, dimbwi lililochotwa linakauka kabla ya lile la jirani, na samaki waliokuwa wategemewe kuujaza mto upya wanakuwa wameisha. Kibali cha maji kinachoandika mita za ujazo kwa mwaka bila kuandika kimo ambacho pampu lazima izimwe hakilindi chochote pale.